Mzigo wa Mipini

Ruanda, Mbinga
Alhamisi, alasiri

Mwanangu Skola,

Mambo ya soksi, sabuni na kutomwazima mtu taulo mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mara ya nne atakuambia kesho stendi huku basi linaondoka. Mimi sitayarudia. Umekwenda misheni kuwaaga wenzako, mama yako yuko kwenye vichanja anageuza kahawa, na hii ndiyo mara ya kwanza wiki hii nimeachiwa nyumba peke yangu. Nimekaa mezani, kwenye kile kiti kinachoyumba. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na vidole vimepoa, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua usidhani nimezeeka ghafla.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini nakujua. Ulipokuwa na miaka saba ulimwambia padri mbele ya watu kwamba baba yako husinzia wakati wa mahubiri na kuamka wakati wa sadaka. Ilikuwa kweli, watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na pa kutokea. Nikikuambia haya uso kwa uso utanijibu kabla sijafika katikati, na nikijibiwa katikati sitamaliza.

Jumapili tulipokunywa chai na Mwalimu Otmar, jirani yetu, yeye alisema kaka yako alionewa. Alisema miaka saba jela kwa gobole la kufukuzia nguruwe ni mingi, wakati yule mzee wa Mkumbi aliyekutwa na gobole mwaka uleule alipewa kifungo cha nje, na sasa yuko kwake anapalilia maharage. Wewe ukaweka kikombe chini.

"Samahani, Mwalimu," ukasema. "Mkulima anaweza kusema sikujua. Askari hawezi. Siku ya kwanza kabisa anafundishwa silaha ni nini na inakaa wapi. Mimi ningekuwa hakimu ningempa saba hizohizo."

Mwalimu akatabasamu. "Huyu jeshi limempata kabla hajafika kambini kwa mafunzo."

Ukanigeukia mimi. "Baba, wewe unaonaje? Ile adhabu ni ya haki au si ya haki?"

Nikasema chai inapoa.

Barua hii ndiyo jibu. Limechelewa siku nne, au zaidi ya mwaka, inategemea unaanza kuhesabu wapi.

Lile gobole lilikuwa langu. Soma sentensi hiyo tena kama unahitaji, halafu uendelee, kwa sababu yaliyobaki yote yanatoka hapo.

Babu yako alipofariki ulikuwa kidato cha pili. Baada ya mazishi wanaume wa ukoo tulikaa sengu, baraza letu la ukoo, pale kwake, kama alivyozoea kutukalisha mwenyewe, tukala pamoja na kugawana vitu vyake. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mimi niligawa. Nyengo yake, ile aliyokatia nyasi wakati wa kutengeneza ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, nilimpa baba yako mdogo. Redio na blanketi vikapata watu. Likabaki gobole. Mhunzi alimfulia babu mimi sijazaliwa, bomba la chuma na kitako cha mti, na kwa hilo alilinda mahindi ya bonde lote dhidi ya nguruwe na ngedere. Karatasi halikuwahi kuwa nayo. Sidhani kama babu alijua kwamba bunduki huwa na karatasi.

Unajua desturi yetu. Vitu ambavyo marehemu alivishika kila siku humwendea wajina wake, na wajina wa babu ni Konrad. Kaka yako wakati huo alikuwa na miaka mitatu jeshini, hata mazishini alifika siku moja akarudi. Nikasema mbele ya wote, "Hili ni la Konrad. Na ni afadhali, maana askari haulizwi bunduki."

Wote wakaitikia. Tuliona tumefanya jambo la busara sana. Kitu ambacho kingemletea mkulima matatizo tumempa yule mmoja kati yetu ambaye serikali yenyewe inampa bunduki kila asubuhi. Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyoijua sheria, tukiwa na ugali mkononi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini askari akitoka lindo anairudisha ile bunduki ghalani na kusaini. Ningemuuliza Konrad angeniambia kwa dakika moja. Sikumuuliza. Nililifunga kwenye mfuko wa mbolea nikaliweka juu darini jikoni, moshi ulitunze, limsubiri mwenyewe.

Mwaka uliofuata likasomwa tangazo kanisani baada ya misa. Serikali imetoa muda, kila mwenye silaha isiyo na kibali aipeleke kwa mtendaji kwa hiari yake, hataulizwa kitu. Siku hiyo sikuwa nimesinzia. Wawili wa kitongoji chetu walipeleka yao, na jioni wakawa kilabuni wanakunywa kama kawaida. Mimi nilijiambia si langu. Likitakiwa kusalimishwa lilikuwa la Konrad. Likitakiwa kusifiwa lilikuwa la baba yangu. Kwangu lilikuwa limelala tu. Ule muda ukapita, nikaendelea na palizi.

Halafu Konrad akaja likizo, mwezi wa tatu, wewe uko bweni kidato cha tano. Siku hizohizo mjomba wako wa ziwani alikuwa amepiga simu. Nguruwe walikuwa wanamaliza mihogo yake kule chini ya Mbamba Bay, na aliniuliza kama lile la mzee bado lipo. Nikamwambia lipo na lina mwenyewe, na mwenyewe yuko likizo, atamletea. Niliahidi kabla sijamwambia mwenyewe. Nilipenda ile sauti ya shemeji akinishukuru.

Nilimwambia Konrad asubuhi, tuko shambani.

"Baba, hapana," akasema. "Hiki kitu tukipeleke kwa mtendaji."

"Muda umeshapita. Nitafungwa."

"Basi twende kwa padri kwanza. Atatusindikiza. Watu wanafanya hivyo, baba, na wanaeleweka."

Nikamuuliza kama jeshi ndilo limemfundisha kumwogopa mtendaji wa kijiji. Akaendelea kulima. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mara ya pili ilikuwa mezani, mama yako yupo. Konrad akanieleza polepole, kwa adabu, kwamba askari akikutwa na silaha isiyo ya jeshi hali yake ni mbaya kuliko ya raia, kwamba atapoteza kazi na kufungwa juu yake. Alisema maneno haya haya uliyoyasema wewe Jumapili. Mama yako akanitazama, akasema, "Baba Konrad, mpe mtoto mzigo mwingine. Huo hapana." Nami nikasema wanawake wa ziwani wanaogopa hata kivuli cha nguruwe, na tena ni kaka yake mwenyewe aliyeomba.

Mara ya tatu ilikuwa siku moja kabla hajaondoka. Nilimkuta anapiga pasi. Nikamwambia, "Hunikatai mimi. Unamkataa babu yako aliyekupa jina."

Akaacha pasi. Shati likaanza kunuka kuungua, akaliondoa. Kisha akasema, "Sawa, baba."

Nimeisikia ile "sawa, baba" mara nyingi tangu siku ile. Zamani ilikuwa inaniuma. Siku hizi hainiumi, na hilo linanitisha kuliko maumivu yenyewe. Nimekufa ganzi, Skola. Naamka, nachuma kahawa, nakula, nalala, na katikati ya hayo hakuna kitu. Naandika haya na mkono hautetemeki. Ningependa utetemeke.

Nilifunga ule mzigo mwenyewe. Mipini kumi na miwili ya majembe, niliyochonga kwa ajili ya mjomba wako, na gobole katikati, nikavifunga pamoja kwa kamba za mgomba juu, kati na chini. Ukitazama huoni kitu. Nilijisifu kwa ile kazi. Konrad alisimama pembeni mikono nyuma, kama wanavyosimama wao, akanitazama nikikaza fundo.

Yaliyofuata niliyasikia mahakamani kutoka kwa kondakta na yule polisi. Basi dogo lilisimamishwa kwenye kizuizi wakiteremka kuelekea Mbamba Bay. Walikuwa wanakagua mbao. Kondakta akapanda juu ya basi akautupa ule mzigo chini kwenye lami, na ulipogonga ukatoa mlio wa chuma. Polisi akasema mipini hailii hivyo. Akauliza mzigo ni wa nani. Kondakta alisema kijana mmoja alishuka, akatoa kitambulisho cha jeshi, akasema, "Ni wangu."

Polisi alimuuliza mara ya pili. Hakimu naye aliuliza sana hapo, kwa nini alimuuliza mara ya pili, na yule polisi akasema kwa sababu alimwonea huruma, alitaka aseme ametumwa. Konrad akarudia ni wangu, nimerithi kwa babu.

Kesho yake asubuhi walikuja naye hapa nyumbani. Alikuwa na pingu. Wakalilaza gobole uani, juu ya ule mfuko wangu wa mbolea waliokuwa wameuokota jikoni.

"Mzee, shikamoo. Hii silaha unaifahamu?"

Konrad alikuwa anatazama chini. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Kulikuwa na jogoo anapekua majivu, nakumbuka nilimtazama yule jogoo.

"Siifahamu," nikasema.

"Hujawahi kuiona humu ndani?"

"Sijawahi."

Wakaandika. Wakanipa kalamu nikasaini, na nilisaini vizuri, herufi zote zinasomeka. Shemeji yangu huko chini naye akasema alikuwa anasubiri mipini tu. Mama yako hakuulizwa. Tangu siku ile bado ananiita baba Konrad kama zamani, ila hanitazami akiniita.

Wakati wote wa kesi nilikaa benchi la tatu. Ilipofika zamu yake ya kujitetea, kaka yako alikiri. Hakunitaja, wala hakuinua macho upande niliokaa. Hakimu alipotoa adhabu alisema mambo matatu: kwamba mshtakiwa amefundishwa silaha kwa gharama ya wananchi, kwamba alikula kiapo, na kwamba aliificha ndani ya mzigo kwa ustadi, jambo linaloonyesha alijua vizuri anachofanya. Aliposema ule ustadi nilitazama mikono yangu. Miaka saba. Kazi ilikuwa imeshakwenda.

Sasa swali lako.

Nimelifikiria kuliko unavyodhani. Mwalimu Otmar anasema hakuua mtu, na ni kweli. Lakini gobole si fimbo. Nikiwa kijana lilifyatuka lenyewe mikononi mwa babu na kumpasua jirani yetu sikio, inchi mbili tu tungekuwa tunazika. Serikali ikisema isiyo na karatasi isikae darini kwa mtu, inasema kweli. Na wewe ukisema anayejua apewe zaidi ya asiyejua, hilo pia nalikubali. Hata nyumbani mkubwa akivunja chungu huwezi kumwadhibu sawa na mdogo. Yule mzee wa Mkumbi simwonei wivu. Tofauti kati yake na Konrad ni ya haki, ukiitazama kwa yale aliyoyaona hakimu.

Hakimu aliwekewa mezani gobole, mipini kumi na miwili na askari anayesema ni wangu. Hakuwekewa baba aliyeahidi kwa simu, akafunga fundo, akamtaja marehemu. Kwa alichopelekewa alihukumu vizuri, na mimi ndiye niliyekificha kilichobaki. Kwa hiyo nikujibu hivi: adhabu ya askari ilikuwa ya haki, na kaka yako hakutendewa haki, na anayeyafanya hayo mawili yakae pamoja ni mimi. Kama unataka neno moja tu, sina.

Usinielewe kwamba Konrad hana kosa. Alijua, na alibeba. Ungemwambia hivyo angekubali kabla yako. Ila kosa lake lilikuwa kunitii.

Nilimtembelea gerezani mara ya kwanza nikiwa nimejiandaa kumwambia kwamba nitakwenda kusema. Kweli nilikuwa nimejiandaa. Nikafungua mdomo, akanikatisha.

"Baba, acha. Mmoja ndani anatosha. Ukiingia na wewe, kahawa nani atachuma, na ada ya Skola itatoka wapi? Amalize shule kwanza."

Nilikubali kabla hajafunga sentensi. Hapo ndipo ninapoona aibu kubwa kuliko pote, hata kuliko uani mbele ya polisi. Uani niliogopa, na mtu akiogopa husema lolote. Gerezani nilipewa ruhusa na mtoto wangu niendelee kuwa mwoga, nikaipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru na kurudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilinunua hata usipa, wale dagaa wa ziwani, sokoni nikaja nao. Mama yako aliupika, hakuula.

Kila ninapokwenda anauliza habari zako. Hukuwahi kumwandikia, na nikikupa simu wakati wa likizo akiwa ameruhusiwa kupiga unasema uko bafuni. Sikulaumu. Ulidhani amechukua silaha kwa tamaa yake akatuaibisha, na mimi ndiye niliyekuacha udhani hivyo, kwa kuwa kila ulipomkasirikia yeye hukuwa na muda wa kuniuliza mimi. Nikifika kule namwambia, "Skola anakusalimia sana." Hizo salamu zote nilizitunga. Moja nilisema umemwombea kwenye novena. Alifurahi, akawaambia wenzake.

Sasa umemaliza shule. Ile sababu aliyonipa imekwisha, na nilipoiangalia imekwisha nikagundua kwamba nilikuwa natafuta nyingine. Niliwaza nisubiri umalize na mafunzo ya kambini. Niliwaza nisubiri msimu wa kahawa upite. Nikajua kwamba nisipoweka siku nitasubiri mpaka atoke, na akitoka nitasema basi, yamepita.

Wiki iliyopita nilipokuambia nakwenda Mbinga mjini kufuata dawa ya kahawa, nilikwenda kwa yule wakili wa msaada wa sheria. Ni mama mtu mzima, hakuzungusha maneno. Aliniambia, "Mzee, nikudanganye? Inaweza isimtoe. Alibeba, alijua anachobeba, na amekiri. Muda wa rufaa umepita, itabidi tuombe upya turuhusiwe, na wanaweza kukataa. Lakini wewe wanaweza kukuchukua palepale."

Nikamuuliza kama ni kazi bure.

"Sikusema ni bure," akasema. "Nimesema inaweza isimtoe."

Nilirudi bila dawa ya kahawa, na hukuuliza.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako kwamba nakwenda kusema kesho. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Umechelewa," akaendelea kuchambua. Lakini mchana nilipoingia chumbani nikakuta amelitoa lile sweta zito kwenye sanduku na kuliweka juu ya kiti, pamoja na soksi. Hivyo nimejua anakubali, na anajua usiku wa mwezi wa sita ukoje kwenye sakafu ya simenti.

Nataka nikuachie jambo moja, halafu nitanyamaza, maana baba aliyesema "siifahamu" mbele ya polisi hana mimbari. Kule uendako watakufundisha utii kuliko kitu kingine chochote. Jifunze. Kundi la watu wenye silaha wasiotii ni hatari, na mimi niliyeona sikio likipasuka nakuambia hivyo. Lakini kaka yako alikuwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwajua, na utii wake mimi niliutumia vibaya. Alinikatalia mara mbili kwa hoja. Sikuwa na hoja ya kumjibu, ndiyo maana nikamleta babu. Mtu anayehitaji kumtaja marehemu, au ukoo, au jina lako, ndipo umfanyie anachotaka, ujue hoja zimemwishia. Awe mkuu wako, awe mumeo siku moja, awe mimi. Hapo simama kwanza. Konrad alifundishwa na jeshi namna ya kukataa amri mbaya ya adui. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumkatalia baba yake mara ya tatu. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na mtu hamfundishi mwanawe kumkatalia yeye mwenyewe. Nakufundisha wewe sasa, nikiwa nimechelewa, kama mama yako alivyosema.

Wewe si mtiifu sana, na kwa miaka mingi nililalamika. Nayaondoa hayo malalamiko.

Kesho nitakupa bahasha hii mkononi dirishani, nikuombe usiifungue mpaka mpite mji. Najua utaifungua mkiwa bado mnatoka stendi. Haidhuru. Wewe utafika Songea mchana, utalala kwa shangazi yako, na Jumamosi una siku nzima kabla ya gari la kambini Jumapili. Jumamosi ni siku ya ndugu kule gerezani. Shangazi anaijua njia.

Sikuagizi kwenda. Nimekoma kuagiza watoto wangu wabebe vitu. Nakuambia tu siku na njia. Ukienda, utaona amekonda kidogo na amejifunza kushona, na ataona haya kwa sababu ya zile nguo. Atakuambia asante kwa novena. Hapo utaamua mwenyewe la kumwambia, kwamba hukuiomba au kwamba ulichelewa kuiomba. Ukinitaja, mwambie nimekwenda, na kwamba sikumwomba ruhusa mara hii. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo na hajawahi kuitumia.

Kama unaona huwezi kwenda, andika. Na kama huwezi kuandika, basi, lakini usimhukumu tena kwa lile ulilolijua Jumapili. Mpunguzie lile ambalo ni langu, uone linalobaki, halafu umhukumu kwa hilo. Mimi nihukumu kwa yote. Sitakuomba msamaha ndani ya barua, kwa sababu mtu akiombwa msamaha kwenye karatasi hawezi kumtazama usoni aliyeomba. Nitakuomba siku tukikutana.

Mama yako anaita, anataka tufunike kahawa, ukungu umegeuka manyunyu. Nimalizie.

Nikishawaona mnaondoka nitatembea mpaka kituo cha polisi. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka stendi, wakili atanikuta pale saa nne. Kuanzia saa hiyo usinipigie. Wakimshikilia mtu wanachukua simu na kuiweka mezani kwao. Ukijisahau ukapiga, na akapokea mtu usiyemjua, usikate. Msalimie. Akikuuliza wewe ni nani kwangu, mwambie wewe ni binti yangu, kama bado unaona unaweza kusema hivyo.

Baba yako